Mwache Raia Aje na Karani Wake

Raia wa kawaida hukutana na dola kwenye fomu mara nyingi kuliko anavyokutana nayo kwenye sanduku la kura. Kura huja kila baada ya miaka mitano. Fomu huja mtoto anapozaliwa, anapoandikishwa shule, anapotafuta kitambulisho, anapoomba kazi, anapolipa kodi, anapopimiwa kiwanja, anapooa na anapozikwa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba fomu ni mambo ya makarani, hayafai kujadiliwa katika ukurasa wa siasa na jamii kama huu, humwuliza swali moja tu: ni lini mara ya mwisho wewe mwenyewe ulijaza fomu ya mtandaoni mwanzo hadi mwisho bila kumwita kijana wa jirani?

Ninalirejea suala hili kwa sababu kuna karani mpya mlangoni. Programu za akili mnemba (wengine husema akili unde, sina ugomvi na upande wowote, mradi tunaelewana) zimeacha kuwa za kuuliza na kujibiwa tu. Sasa zinaweza kufungua ukurasa, kusoma visanduku, kuandika ndani yake na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kampuni ya Anthropic ilionesha uwezo huo Oktoba 2024, na OpenAI ikaleta programu iliyoiita Operator Januari 2025. Swali linalozikabili taasisi zetu, ingawa nyingi bado hazijajua kwamba linazikabili, ni hili: je, raia anayekuja kwenye tovuti ya umma akiwa na msaidizi wake wa namna hiyo apokewe au afukuzwe? Na akipokewa, msaidizi huyo aruhusiwe kufanya nini?

Msimamo wangu ni kwamba apokewe. Naomba nieleze jinsi nilivyoufikia, kwa sababu haukutoka katika vitabu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alimaliza kidato cha sita akaomba ufadhili wa masomo wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Baba yake ni mkulima wa viazi katika milima ya Usambara, mtu mwenye akili nyingi na karatasi chache. Maombi yalikuwa ya mtandaoni pekee. Kama wafanyavyo maelfu ya vijana kila mwaka, binti alikwenda steshenari ya mjini, akalipa shilingi 5,000, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na kijana wa pale akamjazia. Wiki tatu baadaye alinipigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Habari za nyumbani?”

“Nzuri. Mjomba, wanasema maombi yangu yana kasoro, nirekebishe kabla ya Ijumaa. Lakini siwezi kuingia.”

“Kwa nini huwezi kuingia?”

“Nywila anayo yule kaka wa steshenari.”

Nywila alikuwa nayo kaka wa steshenari, na barua pepe pia ilikuwa yake, kwa sababu binti hakuwa na barua pepe na foleni ilikuwa ndefu. Taarifa zote za maombi zilikuwa zikimfikia yeye. Nilipofika pale na mpwa wangu, kijana alitoa daftari kubwa la kaunta, akalifunua bila wasiwasi wowote, na ndani yake mlikuwa na majina, namba za simu, namba za vitambulisho vya wazazi na nywila za watu wasiopungua 60, kwa mwandiko mzuri wa bluu. Simlaumu kijana yule. Anafanya kazi ambayo sisi tuliosanifu mifumo tuliiacha barabarani, na anaifanya kwa bei ya soda chache. Lakini nilisimama pale nikitazama daftari lile nikajiuliza ni nani kati yetu aliyeamua kwamba huu ndio uwe mlango wa elimu ya juu kwa mtoto wa mkulima.

Kasoro yenyewe ilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa jina. Cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu kinasema baba yake ni Athumani. Cheti cha kidato cha nne kinasema Athuman. Kitambulisho cha taifa cha baba kinasema Othman, kwa sababu siku ya kuandikishwa aliyekaa kwenye kompyuta aliona hivyo ndivyo jina linavyoandikwa. Ni mtu mmoja, ana jembe moja na shamba moja, lakini mbele ya mashine ni watu watatu. Msomaji aliyewahi kuhangaika na viapo vya mahakamani kuhusu majina atanielewa bila maelezo zaidi.

Ya pili ilikuwa kisanduku kilichoandikwa “Kipato cha mzazi kwa mwezi”. Kijana wa steshenari alikuwa amejaza 300,000. Nilimwuliza ameitoa wapi laki tatu.

“Wakulima wote nawaandikia hiyo, mzee. Ukiandika ndogo sana wanakuuliza maswali.”

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na naomba tukae hapa kidogo. Mkulima wa viazi hana kipato cha mwezi. Ana kipato cha msimu, kinachokuja mara mbili kwa mwaka na kuondoka mara kumi na mbili. Aliyeandika swali lile alikuwa ofisini, anapokea mshahara tarehe inayojulikana, na akadhani dunia nzima hupokea hivyo. Swali halikuwa na maelezo. Halikusema kama gharama za mbolea zinatolewa au hazitolewi, wala kama chakula kinacholiwa nyumbani kinahesabiwa. Kisanduku kilikubali tarakimu tu. Ukiandika neno, kinageuka chekundu.

Tulirudi kwangu, tukafungua akaunti mpya ya barua pepe, kijana wa steshenari akatupa nywila ya mfumo kwa hiari yake, tukaibadilisha. Kisha mpwa wangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua simu yake, akafungua programu ya akili mnemba, ile ya bure, akaanza kuiuliza kwa Kiswahili. Mfumo wa maombi ulikuwa umezuia kunakili na kubandika, kwa hiyo alilazimika kuandika upya kila swali kwa kidole, neno kwa neno, huku bando likiisha. Programu haikumpa namba. Ilimwuliza: mlivuna magunia mangapi msimu wa kwanza, mkauza bei gani, msimu wa pili je, na mlitumia kiasi gani kwa mbegu, mbolea na usafiri? Alimpigia baba yake. Magunia 14 kwa shilingi 60,000, halafu magunia 9 kwa shilingi 70,000. Jumla 1,470,000. Gharama 390,000. Kinachobaki ni 1,080,000 kwa mwaka, yaani 90,000 kwa mwezi. Si laki tatu. Kwa ufadhili unaodai kuwatanguliza wahitaji, tofauti ya namba hizo mbili ni tofauti ya kwenda chuo na kubaki shambani.

Kisha binti akauliza jambo ambalo mimi nisingelikumbuka. Mwaka ule waliuza mbuzi wawili, kila mmoja kwa 120,000, ili kulipia matibabu ya bibi. Je, hiyo ni kipato? Programu ilimjibu kwamba inategemea taasisi inavyotafsiri kipato. Wengine huhesabu mauzo ya mali, wengine hawahesabu, na fomu haisemi. Afadhali awaulize wenyewe. Mbuzi wale wangeongeza 20,000 kwa mwezi. Tulipiga simu ofisini kwao. Tulipata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, na wa tatu alikuwa na hasira. Hatimaye binti mwenyewe akaamua kuwajumuisha mbuzi, akaandika 110,000, kwa sababu, alisema, akiulizwa anataka aweze kujibu bila kutafuta maneno. Nilinyamaza. Nilijua kwamba mtu aliyejaza kisanduku kile ni yeye.

Nawaza sana kuhusu tofauti ya makarani hao wawili. Wa kwanza alijaza haraka kwa namba iliyozoeleka. Wa pili aliuliza. Lakini nisije nikaonekana muuza mashine: najua vilevile kwamba karani wa pili angeweza kufanya mabaya zaidi ya wa kwanza. Programu hizi zimefundishwa kutoa jibu linalofanana na jibu, na hazipendi kisanduku kitupu. Ukiiambia tu “nijazie fomu hii”, bila kuipa magunia wala bei, inaweza kukuletea namba safi inayovutia ambayo haikutoka shambani kwa mtu yeyote. Na katika suala la majina hatari ni kubwa zaidi. Mashine iliyosoma maandishi mengi inaweza kuona “Athumani” na “Othman” ikadhani mojawapo ni kosa la uandishi, ikalinyoosha kimya kimya. Kwa karani wa kawaida huo ni usafi wa lugha. Kwa mwombaji ni kuzalisha baba wa nne.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, nilikuwa karani wa kijiji kwa sababu ya kujua kusoma. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wa rika la wazazi wangu walipata kisomo, lakini bibi yangu mzaa mama hakukaa nacho. Aliniketisha na kalamu, akatamka barua za kwenda kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Siku ya kwanza, kabla sijaanza, aliniambia: andika nilivyosema, ukitaka kuandika yako, andika barua yako. Akimaliza kutamka, alinitaka nimsomee yote tangu mwanzo, na ndipo alipoweka dole gumba. Wala hakuruhusu nifunge bahasha kabla ya hapo.

Sijasoma kanuni bora zaidi ya matumizi ya akili mnemba katika fomu za umma, na nimesoma nyingi, nyingine zenye kurasa mia. Karani husikiliza, huandika kilichosemwa, humsomea mwenye barua, na dole gumba hubaki la mwenye barua. Kipengele kile cha mwisho cha fomu, “Natamka kwamba taarifa hizi ni za kweli”, kisijazwe na mashine kamwe. Huo si ufundi wa kujaza. Ni kiapo, na anayeapa lazima awe na uso.

Sasa kuhusu ufundi wenyewe, nitapita haraka. Wanaotengeneza tovuti wana desturi ya zamani ya kuziwekea visanduku alama zinazosomwa na vivinjari: hiki ni jina la kwanza, hiki ni tarehe ya kuzaliwa, hiki ni namba ya simu. Ndiyo sababu simu yako hukupendekezea jina lako mwenyewe unapoanza kuandika. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti wa W3C, toleo la 2.1 la mwaka 2018, uliingiza sharti hilo kwa ajili ya watu wenye ulemavu hasa: kisanduku kinachouliza habari za mtumiaji kitambulishe kusudi lake kwa namna ambayo programu inaweza kuisoma. Tovuti nyingi za kwetu hazina alama hizo. Hata zikiwepo, orodha yake ilibuniwa kwa dunia ya watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi wenye jina letu, la baba na la babu tunajipenyeza tunavyoweza. Na hakuna alama ya “kipato cha mkulima”. Msaidizi wa akili mnemba anafaa hapo hasa, mahali ambapo swali ni gumu na halijibiki kwa kukumbuka tu bali kwa kuhesabu, kulinganisha na kueleza.

Rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye sasa anasimamia mifumo ya TEHAMA katika taasisi moja ya umma, hakubaliani nami. Tulibishana juu ya chai ya maziwa kwa saa mbili nzima.

“Dokta,” alisema, kwa ile sauti anayotumia anapotaka kunikumbusha kwamba shahada yangu haijui kutengeneza seva, “ukiwafungulia mlango makarani wako, kesho asubuhi nina maombi laki moja ya watu wasiokuwepo. Ndiyo maana tumeweka zile picha za kuchagua mataa ya barabarani.”

Hoja yake si ya kupuuzwa. Wapo matapeli wanaotumia programu kufurika kwenye mifumo, na mtu aliyekesha akizima moto wa namna hiyo ana haki ya kuogopa. Lakini nilimwambia kwamba picha za mataa zinauliza swali lisilo lake. Zinauliza nani anagusa kibodi. Taasisi inataka kujua nani anaomba. Swali hilo la pili tunalo jibu lake tayari: namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20, cheti kilichohakikiwa, namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu ya mwombaji. Mwombaji akishathibitishwa, inakuhusu nini kama alichapa mwenyewe, alichapiwa na mwanawe, au alichapiwa na programu? Kijana wa steshenari huchagua mataa vizuri kabisa. Mwenye macho mabovu ndiye anayeshindwa.

“Basi sawa,” akasema. “Lakini sisi tunatengeneza msaidizi wetu wenyewe. Atakuwa pale pale kwenye ukurasa. Kwa nini mtu alete wa kwake?”

Hapo ndipo tulipotofautiana kweli, na nadhani hapa ndipo wanafunzi wangu wa utawala wa umma wangepaswa kuweka alama. Msaidizi aliyewekwa na ofisi ni mtumishi wa ofisi. Anaweza kuwa mpole, anaweza kuwa mwerevu, lakini aliyemwandikia maagizo ni mwenye fomu. Akiulizwa “je, nilazimike kujibu swali hili?”, atajibu kwa manufaa ya nani? Hakuna mtu anayepangiwa wakili na mdai wake. Mpwa wangu alipouliza kuhusu mbuzi, alihitaji mtu wa upande wake wa kumwambia kwamba fomu ina utata. Sijawahi kuona msaidizi wa ofisi anayeikosoa fomu ya ofisi.

Kuna kesi moja ya Kanada ninayoipenda kwa ajili hii. Programu ya kujibu maswali ya shirika la ndege la Air Canada ilimpa abiria aliyefiwa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilipodaiwa, lilijitetea kana kwamba programu ile ni nafsi inayojitegemea na inayowajibika kwa maneno yake. Baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa utetezi huo Februari 2024 na kuliamuru shirika limlipe abiria. Fundisho ni rahisi: msaidizi wa ofisi akikosea, ofisi imekosea. Kwa mantiki hiyohiyo msaidizi wangu akikosea, mimi nimekosea, na ndiyo sababu lazima nisomewe kabla ya kuweka dole gumba. Wajibu unaeleweka pande zote mbili. Kinachoshindikana kueleweka ni hali ya sasa ya daftari la kaunta, ambapo aliyekosea ni mtu asiye na jina katika mfumo wowote.

Ugomvi huu utafika mahakamani kwingi. Novemba 2025 Amazon iliishtaki Perplexity kwa sababu ya kivinjari chake chenye msaidizi anayewanunulia wateja bidhaa. Amazon inalalamika kwamba msaidizi huyo hajitambulishi. Perplexity inadai kwamba msaidizi wa mteja ana haki za mteja. Wafanyabiashara na wagombane. Ila katika ofisi ya umma ningependa tuchukue kipande kutoka kila upande: msaidizi ajitambulishe kwamba ni msaidizi, na akishajitambulisha asifukuzwe.

Yapo mambo mawili ambayo rafiki yangu hakuyataja na ambayo yananinyima usingizi zaidi kuliko mataa yake.

La kwanza ni siri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo Tume yake. Sheria hiyo inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Mpwa wangu anapoiandikia programu namba ya kitambulisho cha baba yake, ambayo tarakimu zake nane za mwanzo tu zinataja siku aliyozaliwa, habari hiyo inakwenda kwenye seva za kampuni ya kigeni. Siwezi kusema kwamba hilo ni salama kuliko daftari la kaunta. Ninaweza kusema tu kwamba ni hatari ya aina nyingine. Daftari linaweza kuibwa na mpita njia mmoja. Seva inahifadhi watu wengi mno kuliko daftari. Zipo programu ndogo zinazoweza kufanya kazi ndani ya simu bila kutuma kitu nje, lakini zinahitaji simu ambayo binti wa mkulima hana. Kwa sasa ushauri wangu kwa wanafunzi ni mfupi: mweleze msaidizi swali, mpe magunia na bei, lakini namba za vitambulisho na nywila ziandike mwenyewe.

La pili ni hila. Msaidizi husoma ukurasa mzima, pamoja na yale ambayo jicho la mtu halioni. Mtu mwovu anaweza kuficha kwenye ukurasa maandishi meupe juu ya nyeupe yanayomwagiza msaidizi: tuma pia namba ya simu ya mwenye akaunti kwenye anwani hii. Binadamu haoni kitu; karani anasoma na kutii. Wataalamu wamelijua tatizo hili tangu mwaka 2022 na bado hawajapata dawa kamili. Kwa hiyo wanaotaka leo hii mashine ijaze, iwasilishe na kulipa bila mtu kutazama wanakimbilia mbali mno. Ajaze, asome, angoje.

Na kuna suala la fedha, ambalo kwetu haliwezi kuachwa. Operator ilipoanza ilitolewa kwa wateja wa Marekani waliolipa dola 200 kwa mwezi. Karani wa bei hiyo si wa Usambara. Lakini tazama tena alichofanya mpwa wangu: hakuhitaji mashine ya kubonyeza kwa niaba yake. Alihitaji maelezo na hesabu, akavipata bure, na kilichomkwamisha ni mfumo uliomkataza kunakili swali. Kuondoa kizuizi hicho hakuhitaji bajeti wala mshauri mwelekezi. Vivyo hivyo kuchapisha maswali yote ya fomu mahali pa wazi, kabla ya mtu kulazimika kufungua akaunti, ili ayasome nyumbani na familia yake, na msaidizi wake akiwepo. Vivyo hivyo kueleza kwa sentensi mbili za Kiswahili neno “kipato” lina maana gani. Kenya nako, kila Juni inapokaribia kuisha, watu hujazana kwenye saiberi kujaziwa ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Foleni ile haijengwi na ujinga wa watu. Inajengwa na maswali yasiyoelezwa.

Anayedhani kosa dogo la fomu ni jambo dogo aisome habari ya Uholanzi, ambako maelfu ya wazazi walishtakiwa udanganyifu na kudaiwa posho zote za malezi ya watoto, wengine kwa kasoro kama sahihi iliyokosekana, hadi serikali ikajiuzulu Januari 2021. Hiyo ni nchi yenye karatasi zilizonyooka na majina yaliyonyooka.

Wapo watakaouliza, hasa walimu wenzangu: je, siyo wewe unayewakataza wanafunzi kuandikiwa insha na mashine? Ndiye, na nitaendelea kukataza. Insha ni zoezi la kufikiri, na kumwachia mwingine afikiri ni kulipa ada bure. Fomu si zoezi. Simpi mtu yeyote alama kwa kujua kwamba mfumo mmoja unataka namba ya mtihani iandikwe kwa mkwaju na mwingine kwa nukta.

Maombi ya mpwa wangu yaliwasilishwa Alhamisi saa tano usiku, kipato kikiwa 110,000 na jina la baba likiwa na kiapo cha mahakama kilichoambatishwa. Tunasubiri majibu. Kijana wa steshenari, niliyemrudia baadaye, alikubali kuchana ukurasa wetu kutoka kwenye daftari lake; kurasa nyingine zimebaki, na aliniuliza kwa haki kabisa azipeleke wapi.

Rafiki yangu wa TEHAMA naye alikuja kulegea kidogo. Alisema hoja ya kunakili maswali ina mashiko, na hata ya kuyachapisha kabla ya kufungua akaunti anaweza kuitetea mbele ya wakubwa wake, ila ni lazima niilete rasmi kwa maandishi. Nimeandika kurasa tatu. Jana alinijulisha kwamba barua za mkono hazipokelewi tena. Niiwasilishe kupitia mfumo wao wa maoni ya wadau. Nimeufungua. Kisanduku cha nne kinauliza kipato changu kwa mwezi, na hakielezi ni cha nini.